Kahuzi ilipojifunika

Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akipanga safari huuliza kwanza hali ya njia, ndipo aulize hali ya hewa. Majirani waliotoka sokoni Mudaka walikuwa wametuhakikishia kwamba njia ni shwari, kwa hiyo hewa tukaiachia simu. Simu ikasema jua. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Koko, alitoka uani alfajiri, akatazama upande wa magharibi kwa muda, akarudi ndani akavaa sweta mbili. Hakutoa maelezo, na hakuna aliyemwuliza.

Niseme mapema kwamba hatukwenda kutazama gorila. Tiketi yake si ya mfuko wa mwalimu, na hata ungekuwa na pesa, watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata msituni. Tulitaka tu kupanda hadi Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, tule chakula chetu penye baridi halafu turudi. Kutoka mjini ni kilomita 30 na kitu. Lakini mji wetu uko kando ya ziwa, mita 1,500 hivi juu ya bahari; Tshivanga inapita mita 2,000, na kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308. Kwa hiyo simu haikusema uongo. Ilizungumzia jua la Bukavu, nalo lilikuwepo.

Gari tuliazima kwa shemeji. Kama magari mengi ya Kivu, lilitoka Japani na usukani uko kulia, na sisi barabarani tunashika kulia vilevile. Maana yake dereva anakaa upande wa mtaro, na yule wa kushoto ndiye anayeona kinachokuja. Ukiwa nyuma ya lori lazima umwulize jirani yako: nipite? Kazi hiyo huwa yangu.

Tulipokata kushoto pale Miti, kona zikaanza, na Mama aliyekuwa nyuma pamoja na watoto akaanza kutapika. Tukasimama. Ilibidi akae mbele, nami nihamie nyuma. Ikapita dakika nzima ya watu wazima kutazama miguu yao, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Mama hajawahi kula mbele ya Baba Amani, mume wangu. Akiwa na neno lake ananiambia mimi, hata kama mwenyewe amesimama pale pale, naye atasubiri nimalize ndipo ajibu, tena kupitia kwangu. Miaka yote hii nimekuwa mkalimani wa watu wanaosema lugha moja.

Akapanda. Akafunika magoti kwa kitenge, akageuzia uso dirishani. Mashamba ya chai yakaanza kupita, kijani kibichi, jua limeyamwagikia, na Furaha akasema Koko amevaa sweta bure.

Kona mbili mbele tukaingia ukungu. Baba Amani aliwasha taa, akapunguza mwendo hadi gari likawa karibu linatembea kwa miguu. Upande wake alikuwa anaona nyasi za mtaroni tu. Alikohoa. Nilijua anatafuta namna ya kuniuliza mimi niliye nyuma, ambaye sioni kitu, jambo ambalo anayeliona ni mama mkwe wake.

"Mukwe, lori!" Mama akapaza sauti.

Akakanyaga breki. Lori likapita, limejaa mbao na watu juu yake.

"Aksanti, Mama."

Kutoka hapo hawakunihitaji tena. "Mukwe, ngoja." "Mukwe, pole pole, iko mtu na baiskeli." "Pita sasa." Naye: ndiyo Mama, ndiyo Mama. Amani alitaka kucheka, nikamfinya.

Halafu ikaja mvua ya mawe, bila kupiga hodi, na tukasimama mahali palipopanuka kando ya njia. Kelele juu ya bati la gari zilikuwa kubwa hata hatukusikilizana. Furaha alishusha kioo kidogo, akatoa mkono, akaurudisha na punje moja kiganjani: ukubwa wa haragwe, nyeupe katikati, pembeni inang'aa. Kabla sijasema kitu ilikuwa mdomoni. Akasema ina ladha ya friji.

Tukafungua chakula humo humo. Chapati, mayai ya kuchemsha, sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga na pilipili yake, chai ya thermos. Vioo vikaingia mvuke, gari zima likanuka samaki, shemeji atasema. Mama alipokea sahani yake akageukia dirishani na kula akiwa ametupa mgongo. Sambaza ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Baadaye Amani akauliza mvua inatoka wapi, baba yake akaanza kueleza, na Mama aligeuka kusikiliza, samaki mkononi, akaendelea kutafuna.

Mwalimu wa jografia ukimpa swali hilo ndani ya gari lililosimama, umekwisha. Alieleza kwamba unyevu unatoka msitu mkubwa wa magharibi, unapandishwa na mlima, unapoa na kuwa wingu. Na mchana ziwa nalo linatuma upepo wake kutoka mashariki, pande hizo mbili zikakutana juu ya Kahuzi. Ndiyo maana asubuhi mlima unaonekana, na ikifika adhuhuri umejifunika. Kisha akafika kwenye sehemu anayoipenda. Tone likianguka mteremko wa magharibi linaelekea mto Lowa, na kutoka Lowa hadi mto Lualaba. Likianguka huku kwetu linaingia ziwa Kivu, linatoka na mto Ruzizi pale pale Bukavu, linaenda ziwa Tanganyika, linatoka tena na mto Lukuga, na Lukuga nayo inamwaga Lualaba.

"Basi yanakutana?" Mama akauliza. Alimwuliza yeye, moja kwa moja.

"Yanakutana, Mama. Chini kule, ukishapita Kindu."

Mama akafikiri. Akasema yeye amekulia hapo Miti, na zamani kiangazi kilikuwa Juni hadi Agosti, Septemba mvua inaanza na maharage yanaingia udongoni. Siku hizi mvua inaanza, watu wanapanda, inakatika, mbegu zinaoza. Unapanda mara ya pili kwa mbegu za kukopa. Baba Amani akamwambia kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa 1947 chini ya milima hii hii, kinapima mvua.

"Wapime," Mama akasema. "Mbegu nani analipa?"

Hakupata jibu, na mimi nilifurahi hakupata, maana nina uzoefu na majibu ya Baba Amani.

Tshivanga tuliikuta imelowa. Jua likatoka kidogo, tukaona msitu unavyopanda, kijani juu ya kijani, hadi unapopotelea kwenye wingu. Mlinzi mmoja aliwasimulia watoto habari za Chimanuka, dume la gorila lililopata jina kubwa, nao wakaridhika. Mama alitazama upande mwingine. Hifadhi ilianzishwa 1970, na Batwa waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa; anawakumbuka wakipita Miti wakiuza asali, halafu wakipita bila kitu cha kuuza. Watalii husimuliwa gorila. Hilo lingine nadhani husimuliwi usipouliza.

Kurudi, Mama hakuwa na kichefuchefu tena, lakini alifungua mlango wa mbele mwenyewe akakaa. Bukavu tulikuta vumbi na jua kali, na jirani akauliza matope yote haya tumeyatoa wapi.

Leo Jumapili, baada ya misa, simu ya Baba Amani ililia. Niliona ni namba ya Mama, nikanyoosha mkono nipokee kama kawaida. Akaniambia niache. Walizungumza muda mrefu habari za kuosha gari na kama harufu ya sambaza imetoka. Haijatoka. Mama amemshauri aweke makaa ndani usiku kucha, na sasa yuko nje anatafuta makaa.