Mtu Aliyefiwa na Mbwa Wake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii imetoka mahali ambapo sikutarajia, katika filamu ya mwaka 1999 iitwayo The Big Kahuna. Ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Roger Rueff, na ndiyo maana karibu yote ni maneno. Wanaume watatu wamo ndani ya chumba cha hoteli mjini Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Kazi yao ni kuuza vilainishi vya mitambo ya viwandani. Wameandaa hafla ya kuwakaribisha wateja, lakini kwa kweli wanamngoja mtu mmoja tu, mkuu wa kampuni kubwa ambaye akikubali kununua kwao, shida zao zimekwisha.

Larry ana ulimi mkali na usiku wote anawaza mauzo. Phil, anayeigizwa na Danny DeVito, ndoa yake imevunjika na ameanza kujiuliza maswali juu ya Mungu. Bob ni kijana, Mbaptisti, ndiyo kwanza ameoa. Hafla inakwisha na mkuu yule hajaonekana. Kumbe alikuja, amevaa kadi yenye jina la mtu mwingine, na aliyezungumza naye ni Bob, aliyekuwa akigawa vinywaji. Mzee wa watu alikuwa na huzuni, mbwa wake amekufa. Wakazungumza habari za mbwa, mwisho wakafika kwa Mungu. Mzee akamwalika Bob kwenye hafla nyingine usiku uleule. Wenzake wanampa kadi za biashara na maagizo tele, aende akafungue mlango. Bob anarudi usiku mkubwa, na vilainishi hakuvitaja hata mara moja. Alimshuhudia Kristo.

Hapo mimi nilisema "Amina" kwa sauti.

Larry akawaka, wakashikana mashati. Nikamhesabu Larry kuwa Farisayo wa hadithi hii na Bob kuwa shahidi mwaminifu. Lakini Larry alipotoka, Phil alikaa na kijana yule, akamwambia kwa upole jambo lililoninyima usingizi: ukishayashika mazungumzo uyaelekeze unakotaka wewe, hayo si mazungumzo tena, unauza. Iwe unauza mafuta ya mitambo, iwe unamuuza Yesu.

Kumuuza Yesu! Nilikasirika. Kisha nikafungua 2 Wakorintho 2:17, pale Paulo anaposema yeye si kama walio wengi, "walighoshio neno la Mungu." Neno la Kigiriki lililotumika pale linatokana na jina la mchuuzi, na katika Agano la Kale la Kigiriki, Isaya 1:22, jina hilohilo wamepewa wauza divai wanaoitia maji. Basi Phil, ambaye hata hajui kama anaamini, alikuwa amesema jambo ambalo mtume alilisema kabla yake. Na Paulo alilijua soko kwa mikono yake mwenyewe, kwa maana huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila.

Msinielewe vibaya. Sisemi Bob alikosea kumtaja Bwana. Larry naye hana pa kusimama, kwa kuwa machoni pake mzee yule alikuwa mkataba wenye miguu. Ninachoona ni kwamba mazungumzo ya kwanza, yale ya mbwa, yalikuwa ya kweli. Bob hakujua anaongea na nani. Hakuwa na shabaha. Alimwona mtu mwenye huzuni akamsikiliza, na mlango ukafunguka wenyewe.

Bwana wetu pale kisimani (Yohana 4) aliomba maji kwa sababu alikuwa amechoka na safari. Hakuitumia kiu kama chambo. Na Bartimayo, ambaye kila mtu alimwona ni kipofu, bado aliulizwa: "Wataka nikufanyie nini?" Aliulizwa, akajibu mwenyewe.

Nawaungamia jambo, wapendwa. Mwaka uliopita nilimtembelea mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Nilikwenda na Biblia, trakti mbili, na maneno niliyoyapanga njiani. Mzee alianza kunisimulia jinsi mkewe alivyokuwa akiamka kabla yake kila siku, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja avute pumzi ili niingize mstari wangu. Alivuta pumzi. Nikaingiza. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akashukuru, na habari za mkewe hakuziendeleza tena. Niliporudi niliandika kwenye daftari la huduma: "ameshuhudiwa."

Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba alipenda kuwashirikisha "si Injili ya Mungu tu, bali na roho zetu pia, kwa kuwa mmekuwa wapendwa wetu" (1 Wathesalonike 2:8). Mzee yule nilimpa trakti. Roho yangu nilirudi nayo nyumbani.

Juzi nimempigia simu. Nimemuuliza kama naweza kufika Jumamosi, akanyamaza kidogo, akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, ila siku ile hakumaliza kunisimulia habari za mama. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema nije mapema, maana ni habari ndefu.