Siku tatu kati ya Niamh na Ng'endo

Mdogo wangu Ng'endo ana daftari la kijani ambalo hamwonyeshi mtu kazini. Ni muuguzi Galway, magharibi mwa Ayalandi, na huu ni mwaka wake wa pili huko. Upande wa kushoto wa kila ukurasa ameandika majina ya watu yanavyoandikwa kwao. Upande wa kulia yanavyotamkwa, kwa tahajia yetu ya Kiswahili. Niamh: Niivu. Tadhg: Taigi. Aoife: Iifa. Caoimhe: Kiiva. Siobhán: Shivoni. Sadhbh: Saivu. Hilo la mwisho amelipigia mistari miwili.

Lina kisa chake. Wiki ya kwanza kazini alitumwa kwenye ukumbi wa wagonjwa na orodha mkononi. Akaita, "Sadi-habu!" Kimya. Akaita tena kwa nguvu zaidi, akidhani watu hawasikii. Mara ya tatu binti mmoja aliyekaa kona ya mwisho akainuka kwa aibu kubwa kuliko hata ya mwitaji, akasema, nadhani ni mimi. "Dada, nilitamani ardhi ipasuke," akaniambia. Jioni hiyo akaenda dukani kununua daftari.

Mimi nilienda kumtembelea nikiwa na imani kwamba mtu aliyefundisha watoto kusoma miaka kumi na mbili hawezi kushindwa na majina. Imani hiyo iliishia ndani ya treni. Kutoka kituo cha Heuston, Dublin, hadi Galway ni kama saa mbili na nusu, na kila kituo kina majina mawili kwenye kibao, la Kiingereza na la Kiairishi, lugha ya asili ya huko. Athlone ni Baile Átha Luain. Ballinasloe ni Béal Átha na Sluaighe. Athenry ni Baile Átha an Rí. Dublin niliyotoka asubuhi nayo ni Baile Átha Cliath. Hilo neno Átha lilinifuata njia nzima, nami nikawa nalisoma kimoyomoyo kwa th ya thelathini. Kisha sauti ya kipaza ikatangaza Athlone kwa Kiairishi. Nikatega sikio. Hakukuwa na th popote. Ilikuwa "aha", kama mtu aliyekumbuka kitu.

Áth ni kivuko cha mto, mahali ambapo maji ni machache watu na mifugo wakavuka kwa miguu. Nchi nzima imejaa vivuko. Nikashuka Galway nimeshajifunza kanuni moja, th ni h, na nikajiona hodari.

Uhodari ulidumu mpaka chakula cha jioni. Tulikula samaki kwenye baa moja karibu na mto, nikaenda kutafuta choo, nikakuta milango miwili. Mmoja umeandikwa Fir. Wa pili umeandikwa Mná. Nikasimama mbele ya huo wa pili kama mbele ya sentensi iliyokatwa. Mna. Mna nini? Mna mtu? Mna maji? Nikangoja hadi mwanamume akatoka kwenye Fir, ndipo nikaingia. Niliporudi mezani Ng'endo alicheka hadi machozi. Mná ni wanawake, akasema, na umoja wake ni bean. Tena hapa Galway wenyewe wanaoongea Kiairishi hawasemi hata "mna", wanasema "mraa".

Nikamwambia hiyo si tahajia, ni kitendawili. Akafungua daftari.

Ng'endo husoma Kiairishi jioni moja kwa wiki, na alinieleza kama mtu anayemtetea mkwe. Alfabeti yao ya jadi ina herufi 18 tu. Haina v, haina k, haina w. Lakini sauti ya v wanayo, basi wanaiandika kwa bh au mh, yaani b au m iliyolainishwa. Hiyo h si herufi kama h yetu, ni alama ya kulainisha. Zamani waliweka nukta juu ya herufi badala yake, na katikati ya karne ya 20, walipohamia chapa ya Kirumi, nukta ikageuka h. Ndiyo maana maneno yao yanaonekana yamejaa h kama uwanja uliojaa nguzo. Toa nguzo, weka nukta, Sadhbh linabaki herufi nne.

Na zile irabu nyingi? Nyingine hazisomwi. Kazi ya i na e ni kuiambia konsonanti jirani ijibane. Kazi ya a, o na u ni kuiambia ijipanue. Wana msemo wa shuleni, caol le caol agus leathan le leathan, nyembamba na nyembamba, pana na pana. S ikijibana inakuwa sh. Ndipo Siobhán ikaanza na sh, na ndipo Saoirse ikawa Siirsha. Saoirse maana yake ni uhuru, jina lililoanza kupewa wasichana katika karne ya 20. Hapo sikuhitaji maelezo. Kwetu pia kuna watoto waliopewa jina Uhuru.

Nilikaa na daftari lile usiku hadi nikakubali jambo moja: Kiairishi kina sheria ngumu, lakini kinazifuata. Mtu anayesoma though, through na tough kila siku bila kulalamika hana haki ya kumcheka Niamh.

Tena nikakumbuka Iten. Sisi tuliokulia upande wa Eldoret tunamjua Brother Colm O'Connell, mtawa wa Ayalandi aliyekuja shule ya St. Patrick's mwaka 1976 na kuwanoa wakimbiaji mpaka akafika kwa David Rudisha. Miaka yote hiyo nilijua tunaliharibu jina lake tukilitamka kwa silabi mbili. Kumbe kwao ni "Kolam", wanachomeka irabu katikati kama sisi. Hata filamu wengi wao huiita "filam", wazi kabisa. Nilipolisikia hilo kutoka kwa dereva wa teksi nusura nimsalimie kwa Kiswahili.

Kinachowatesa wageni kabisa ni kwamba jina lenyewe halitulii. Seán ni Shoon ukimtaja, lakini ukimwita ni a Sheáin, na hapo sh ni h tupu: mtu aliyeanza na Sh anaitikia kwa H. Mwanzoni niliona ni dhuluma. Halafu nikafikiria mgeni anayetafuta "meno" kwenye kamusi yetu, naye anatakiwa aende kwenye jino. Au "ndimi", ambayo iko kwenye u. Sisi ndio wa mwisho kulalamika kuhusu maneno yanayobadilika kichwani.

Siku ya tatu tukapanda basi kwenda Indreabhán, kwenye ufuo ambao wenzake kazini walimsifia. Wao waliuita Inverin, kwa jina lake la Kiingereza. Huko ni Gaeltacht, eneo ambalo Kiairishi bado ni lugha ya nyumbani, na vibao vya barabarani havina tena jina la pili la kukusaidia. Bahari kushoto, kuta za mawe kulia, mvua nyepesi isiyojua kuisha.

Pale An Spidéal akapanda mama mzee mwenye kikapu, akaketi mbele yetu, akageuka. Alitaka kujua tumetoka wapi, na majina yetu ni nani. Mdogo wangu akajitambulisha kama anavyojitambulisha kazini, akilirahisisha: "Gendo." Nikamkanyaga mguu. Akalisema sawasawa. Yule mama akarudia mara moja tu, "Ng'endo," ng' safi, ile ya ng'ombe.

Tangu aanze kazi hospitalini hakuna aliyewahi kuipata. Tukamuuliza imekuwaje. Akashangaa swali lenyewe. Galway ni Gaillimh, akasema, lakini ukiwa Galway uko i nGaillimh. Akaitamka polepole: i ng'aliv. N inakaa mbele ya G na kuimeza, na sauti inayobaki ni hiyo yenu. Anaisema kila siku tangu utotoni.

Ng'endo akatoa daftari la kijani. Ndiyo mara ya kwanza nimwone akimpa mtu. Mama mzee akasoma ukurasa mzima wa Niivu na Taigi akicheka kimya kimya, akasahihisha moja, kisha akaomba kalamu. Upande wa kushoto, chini ya Sadhbh, akaandika n ndogo, G kubwa, akasimama kidogo, akaendelea: nGaendó.

"Hiyo a ya nini?" mdogo wangu akauliza.

"E ikikaa peke yake itaibana G yako," akasema. "A inaizuia."

"Na mkwaju juu ya o?"

"Ya mwisho uliivuta. Nimekusikia."

Wakabishana kidogo kama kweli aliivuta. Mimi nilikuwa natazama nje nikitafuta kibao cha Inverin, hadi nikaona jengo la TG4, televisheni ya Kiairishi iliyoanza mwaka 1996, na kibao kando ya barabara: Baile na hAbhann. Tulikuwa tumeshaipita Indreabhán zamani. Tukashuka na kurudi kwa miguu kwenye mvua, mdogo wangu amelificha daftari ndani ya koti.