Nilivyoingia na chupa ya chumvi kwenye mdahalo wa chakula

Mimi hununua mahindi Bugiri na Iganga, mashariki mwa Uganda, kisha huyauza Busia mpakani kwa wanaovuka kwenda Kenya. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya kuvu inayoweza kuleta saratani ya ini, magunia yangu yalikuwa tayari juu ya lori mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mfanyabiashara asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tangu hapo nikaanza kualikwa kwenye midahalo ya chakula na afya.

Wa kwanza ulikuwa Kampala. Wanajopo walieleza saratani ya ini, maabara, sheria. Walisema kweli, na sitaki mtu aipuuze. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na moto wa jikoni hauiondoi. Posho, yaani ugali wetu, ikichemka, sumu imo. Lakini saa tatu zilipita bila mtu kutaja bei. Nami nilipopewa dakika zangu tano nilisoma karatasi niliyoandikiwa, nikaketi. Niliumia njia nzima hadi nyumbani, maana nililolijua sikulisema.

Mdahalo wa pili ulipangwa Busia. Safari hii nilimfuata kijana aliyeuandaa nikamwomba mambo mawili: tuzungumze Kiswahili, kwa sababu ukumbini watakuwa Wasamia, Waiteso, Wasoga na madereva wa upande wa pili, na mimi niseme kabla ya madaktari.

"Mama, itifaki haikubali, wakubwa ndio huanza."

"Mwanangu, wakubwa wakianza, wakulima watanyamaza. Nipe dakika kumi tu."

Alinipigia simu usiku kuniambia wamekubali.

Sikubeba karatasi. Nilibeba chupa mbili za kioo, kavu kabisa, chumvi kavu, na mahindi ya aina mbili: ya turubai, yaliyoanikwa hadi yakakauka, na yale yaliyoletwa kwangu jana yake yakiwa bado na unyevu. Nilitia mahindi na chumvi katika kila chupa, nikazitikisa, nikaziacha mezani. Baada ya robo saa nikazipitisha kwenye viti. Katika moja chumvi ilianguka chini yote. Katika nyingine iliganda kwenye kioo. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Hapo ndipo nikaeleza kwamba kuvu hupenda mahindi kama yale ya chupa ya pili, na kwamba kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Mzee mmoja wa Bugiri akasimama. "Nikikausha, gunia linapungua. Hizo kilo nani ananilipa?"

Hilo ndilo swali nililolikosa Kampala. Niliomba ubao tukapiga hesabu pamoja. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13.5 hubaki kama 95. Kilo ikiwa shilingi 1,000 za Uganda, mkulima aliyefanya vyema amepoteza zaidi ya shilingi 5,000 kwa gunia, na jirani yake aliyeuza mabichi amezipata. Ili wawe sawa, mahindi makavu lazima yapate kama shilingi 55 zaidi kwa kilo. Tunamwambia mkulima alinde ini la mtoto wa mtu mwingine, kisha mizani yetu inamkata!

Daktari aliyefuata aliacha hotuba yake. Alimuuliza yule mzee turubai hukodishwa kiasi gani, mvua ya Novemba huwakuta mahindi yakiwa wapi, na nani huyapura. Walizungumza wao wawili muda mrefu, ukumbi umetulia. Kisha wanunuzi tuliokuwapo tukaulizwa mmoja mmoja kama tutalipa tofauti. Wawili walikataa wazi, wakasema dereva anayenunua kwao kuvusha mpaka hatawalipa wao tofauti hiyo. Sikuwalaumu, nami nimewahi kusema hivyohivyo.

Mimi nilikubali mbele ya watu. Msimu uliofuata nilinunua kipima unyevu, nikaandika bei mbili kwenye ubao wa ghala langu. Yule mzee alikuja na magunia sita. Alisimama karibu yangu akisoma kipimo gunia kwa gunia, na la nne likakataa. Alilirudisha kwenye boda boda, akaniambia atalianika tena Jumamosi.