Hadithi bila maneno
Jana usiku nilizima taa nikasikiliza The Snow Goose ya Camel, kundi la Uingereza, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni albamu ya mwaka 1975 na haina mashairi: hadithi ya Paul Gallico kuhusu mchoraji mpweke, msichana na bata bukini aliyejeruhiwa inasimuliwa kwa muziki tupu. Filimbi ya Andrew Latimer wa Camel ikianza kwenye kipande kiitwacho Rhayader, mwili hunisisimka kila mara. Na gitaa lake! Halina haraka, linalia polepole kama mtu anayekumbuka. Okestra ya London Symphony ipo nyuma, lakini haiwafuniki. Kilipofika kipande cha Fritha Alone, kile kinanda cha upweke kilinitoa machozi. Nikairudia yote.