Ninavyoandaa malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia

Kabla ya kuandika chochote natafuta chanzo cha fedha. Mkopo wa serikali kutoka IBRD au IDA, matawi ya Benki yanayofadhili serikali, ni kazi ya Jopo, lililoundwa 1993. Mradi wa kampuni binafsi uliofadhiliwa na IFC, tawi la Kundi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi, hupelekwa CAO, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya IFC. Ukikosea mlango, miezi inapotea bure.

Namba ya mradi, herufi P na tarakimu sita, hunifungulia nyaraka kwenye tovuti ya Benki. Nachukua tathmini ya mradi, mpango wa kuwashirikisha wadau, mpango wa kuhamisha watu na taarifa za maendeleo ya kazi. Taarifa hizo huandika "inaridhisha" hata pale wananchi wanapolia, na tofauti hiyo ni ushahidi tosha wa kuanzia.

Barua nyingi hupwaya kwa sababu zinamshtaki mkandarasi au serikali. Jopo halimchunguzi yeyote kati yao. Linaangalia kama Benki ilifuata sera zake yenyewe. Kwa hiyo siishii kwenye "nyumba zilibomolewa bila fidia". Naandika kwamba mpango ulitaka watu walipwe kabla ya kuhama, hawakulipwa, wasimamizi wa Benki waliarifiwa tarehe fulani, na kazi ikaendelea. Kutaja kifungu cha sera si lazima, ila mimi hukitaja.

Kule kuarifiwa lazima kuthibitike. Natunza barua pepe na nakala zenye muhuri wa kupokelewa. Mazungumzo ya mdomo nayaandikia barua pepe siku hiyo hiyo.

Walalamikaji wawili wanatosha, na lugha yoyote inakubalika, Kiswahili kikiwemo. Penye hofu ya kisasi naomba usiri kwenye aya ya kwanza, majina nayaweka karatasi ya pembeni. Kwa miradi ya sasa mlango hufungwa miezi 15 baada ya mradi kufungwa. Mikopo ya zamani ina muda mfupi zaidi.

Shauri likisajiliwa, Benki ina siku 21 za kazi kujibu, kisha Jopo siku nyingine 21 kupendekeza uchunguzi ufanyike au la. Bodi ya wakurugenzi wa Benki ikiukubali uchunguzi, walalamikaji na serikali iliyokopa huulizwa kwanza kama wanataka usuluhishi, ambao huweza kuchukua mwaka mzima. Haya nayasema kabla watu hawajatia saini, pamoja na hili ambalo wengi hawalipendi: Jopo halina mamlaka ya kulipa fidia wala kusimamisha mradi.