Kitenzi 'raze' na nyumba inayobomolewa Uyole
Juzi nilisimama kwa muda hapa Uyole nikiwatazama mafundi wakibomoa nyumba ya jirani, huku kichwani nikiwa bado na kitenzi cha Kiingereza 'raze' nilichotoka kuwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Tukikitafsiri kwa haraka tunasema 'bomoa', lakini asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kukwangua, lile lile lililowapa Waingereza jina la wembe, na ndiyo maana hutumika pale jengo au hata mji mzima unapofutwa mpaka usawa wa ardhi, iwe kwa moto, kwa vita au kwa tingatinga.

Mafundi wa jirani hawakufanya hivyo. Waliteremsha mabati, wakang'oa misumari na kuinyoosha juu ya jiwe, wakatoa fremu za madirisha, kisha kijana mmoja akaketi kuparua udongo kwenye matofali ya kuchoma, moja baada ya jingine, ili yakajengewe kwingine. Kazi ya namna hiyo Mwingereza ataiita 'dismantle'. 'Demolish' kina uhuru zaidi, kwani hubomoa nyumba, hoja ya mpinzani na, katika mazungumzo ya kawaida, hata sahani nzima ya wali.

Kinachowasumbua wanafunzi zaidi (na siwalaumu) ni kwamba 'raze' hutamkwa sawasawa na 'raise', yaani kuinua, kwa hiyo wakati wa imla huwaambia wasikilize sentensi mpaka mwisho kabla ya kuandika.