Blauzi ya kitambaa cha tisheti: huku fundi ni mimi mwenyewe

Nilipokuwa Morogoro sikuwahi kushika karatasi ya kukatia nguo, ile yenye michoro ya vipande vya nguo. Ya nini? Unanunua kitenge, unampelekea fundi, unamwonyesha picha kwenye simu, anakuzungushia tepu, anaandika vipimo kwenye daftari lake lililolowa mafuta ya cherehani, kisha anachora kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe. Bei mnapatana, siku ya kuchukua nguo unadanganywa, lakini nguo inakukaa.

Hapa Ujerumani mafundi wa mtaani kazi yao zaidi ni kurekebisha, na suruali ya bei rahisi ukiipeleka kupunguzwa urefu, gharama inaweza kukaribia bei ya suruali. Basi mteja ni mimi, fundi ni mimi, na wa kunipiga kalenda ni mimi vilevile.

Naishi Freiburg. Offenburg si mbali na hapa, na ndiko Aenne Burda alikoanzisha jarida lake la mitindo mwaka 1950. Mpaka leo linatoka na karatasi za kukatia ndani yake. Ukiikunjua mara ya kwanza utadhani ni ramani ya njia zote za daladala za Dar: mistari ya rangi imepandana, nguo kadhaa kwenye karatasi moja. Usiikate. Tafuta rangi na namba za vipande vya nguo yako, tandika juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha, fuatisha mstari wa saizi yako kwa penseli. Halafu ongeza nafasi ya mshono, kwa sababu karatasi ya jarida haina. Sentimita moja hadi moja na nusu inatosha, kwenye pindo zaidi kidogo. Zile za kununua mtandaoni na kuchapa nyumbani nyingi zimeshaongezwa, soma tu maelezo. Na kabla hujagundisha kurasa, weka rula kwenye kiboksi cha kupimia kilichochapwa humo. Kama kimeandikwa sentimita 10 na rula inasema 9.7, printa imepunguza, na nguo nayo itapungua hivyohivyo.

Saizi ya dukani isahau, jipime. Kwenye jedwali la saizi la jarida la Burda mwenye kifua cha sentimita 92 ni namba 40, na huyo namba 40 wamempa nyonga za 98. Dada zangu mnaonisoma mnajua tatizo liko wapi. Kata kwa kifua, halafu kuanzia kiunoni uhamishe mstari taratibu hadi wa 42 au 44. Mistari yote ipo palepale. Fundi wangu angemaliza hilo kwa jicho, mimi jicho hilo sina, nina penseli.

Kitambaa sasa. Kitenge kimesukwa, hakivutiki. Cha tisheti kimefumwa kwa vitanzi, na vitanzi hivyo ndivyo vinavyokusamehe usipime kila kona ya mwili. Kifue kwanza, pamba hurudi. Kisha kivute pande zote mbili: upande unaovutika zaidi ndio uzunguke kifua. Sindano ya kawaida hutoboa vitanzi na kuacha vitundu au kuruka mishono, kwa hiyo nunua iliyoandikwa Jersey, ncha yake imezungushwa. Ovaloki si lazima. Cherehani yoyote yenye zigizaga inafaa. Zigizaga iwe nyembamba sana, maana mshono ulionyooka utakatika siku unapoingiza kichwa. Na usikivute kitambaa unaposhona, acha meno ya cherehani yakipeleke, la sivyo mshono utakuwa mawimbi.

Unaanza na mabega, kisha shingo. Hapa ndipo nguo ya nyumbani inapojulikana kuwa ya nyumbani. Ukanda wa shingo lazima uwe mfupi kuliko shingo yenyewe. Mimi huzidisha kwa 0.85: shingo ikiwa 60, ukanda ni 51, kisha unaongeza nafasi ya mshono. Uunge uwe duara, ukunje katikati kwa urefu, ugawe robo nne kwa pini, na shingo nayo robo nne. Kutanisha pini kwa pini, shona ukivuta ukanda peke yake. Ukiutoa chini ya mguu wa cherehani utaonekana umekunjamana vibaya. Tulia, piga pasi ya mvuke, utalala. Ukanda mrefu ndio usio na dawa, unasimama na kuachia kifua wazi.

Mikono inaungwa nguo ikiwa bado imefunguka, kisha mshono mmoja wa ubavu kutoka pindo hadi mwisho wa mkono. Pindo napiga kwa sindano pacha, yaani yenye ncha mbili, mshono wake unavutika.

Mengine ni ya kuishi ghorofani. Ikifika saa nne usiku cherehani inazimwa, jirani wa chini ana haki yake, na hata mchana naweka blanketi chini yake. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo sindano za akiba ziwepo.

Dada yangu alicheka: "Yaani tisheti zinatoka huko kuja huku mtumba, wewe uko huko unashona?" Nikamtumia picha. Jioni yake vikaja vipimo vyote kwa WhatsApp, bega, kifua, nyonga, na maneno mawili: mikono mirefu.